Dada yangu kaachwa, sehemu yake ipo, ila karibu na stendi nyumba ya chini hairuhusiwi

Wakuu, assalaam alaykum. Wa salamu nyengine nao, habari za kutwa.

Mimi humu ni mtu wa kusoma nyuzi za wenzangu na kupita kimya. Leo naanzisha wangu kwa sababu kifua kimejaa na nyumbani hakuna wa kumwambia ambaye hajui tayari. Sitaongeza chumvi. Watu wa Wawi wamo humu ndani, nikisema uongo watanisuta hapa hapa.

Jina la dada yangu nalibadilisha, nitamwita Riziki. Yaliyobaki yote ni kama yalivyo.

Kwanza niwaeleze kiambo chetu, maana wengi humu ni watu wa bara na mtaniuliza.

Kwetu Pemba ukoo unakaa pamoja. Nyumba ya mama katikati, ya kaka huku, ya ami kule, kaburi la baba pembeni, na baina yao pana nafasi. Mgeni akipita anaona kiwanja kitupu, pana majani na kuku wanaparura. Anadhani tumeacha ardhi ikae bure.

Si bure. Ile nafasi ni ya mabinti.

Mtoto wa kike akiolewa anakwenda kwa mume, lakini sehemu yake kwao haiguswi. Mume akifa, au mume akimwacha, anarudi. Ndugu zake wanamjengea vyumba viwili karibu na mama, anaanza maisha. Huku kwetu talaka si jambo la ajabu, na mwanamke mwenye sehemu kwao hata huko kwa mume anaheshimika, kwa sababu mume anajua akimchosha ataondoka.

Sasa jambo moja mlishike, ndilo lililotumaliza. Hakuna mtu anayelisema hili kwa sauti. Binti yako anacheka kwa mumewe, wewe unasimama mbele za watu kusema kile kiwanja namuwekea siku akiachwa? Utaambiwa unamuombea mabaya. Kwa hiyo kila mtu anajua, na kila mtu kimya.

Haya. Ikaja habari ya stendi.

Serikali ikataka stendi mpya ya gari nje ya mji, na eneo likaangukia kwetu, hatua chache kutoka kiambo chetu. Wakuu, tulifurahi. Mama alikuwa akienda hospitali Chake kwa kusubiri gari juani barabarani, sasa gari zote zitaanzia mlangoni kwake. Hakuna aliyepinga.

Sheha akaitisha mkutano skuli. Wakaja vijana wa mipango miji, wapole, wamevaa vizuri, wanamsalimia kila mzee kwa adabu yake. Wakabandika ramani ukutani. Stendi katikati, na kuizunguka mduara umepakwa rangi.

Yule kijana mkubwa wao akaeleza vizuri kabisa. Kisiwa ni kidogo, watu wanaongezeka, kila mmoja anajenga nyumba ya chini na mikarafuu inakatwa. Tukiendelea hivi wajukuu wetu hawatakuwa na shamba. Kwa hiyo ndani ya mduara ule, karibu na usafiri, watu wakae wengi kwa eneo dogo. Majengo mapya yawe ya ghorofa, yasipungue tatu. Nyumba zilizopo zitabaki, hazivunjwi, mwenyewe anaweza kutengeneza paa au kupaka rangi, ila hakuna kuongeza nyumba ya chini.

Nitasema haki ingawa nina hasira. Maneno yale yana akili. Mimi mwenyewe nimeona shamba la karafuu la babu wa jirani yangu likigeuka nyumba na maduka, na moyo uliniuma. Sina ugomvi na ghorofa.

Watu wakaenda kwenye ramani kutafuta nyumba zao. Ilikuwa raha. Jirani yetu mmoja, mtu wa maskhara, akasema aliye juu mngoje chini, sasa sote tukiwa juu nani atamngoja mwenzake? Watu wakacheka mpaka sheha akacheka.

Na mimi nikaenda nikaona kiambo chetu. Nyumba ya mama, nyumba yangu, ya ami. Baina yao pameandikwa uwanja mtupu.

Nilisoma maneno yale. Niliyaona kwa macho yangu. Riziki wakati ule yuko Msuka, kaskazini, kwa mumewe, ana watoto wanne, mume ana duka. Nisimame niseme nini?

Yule kijana akauliza kama kuna mwenye pingamizi au swali. Ami yangu akauliza msikiti wetu utaguswa? Akajibiwa hautaguswa. Basi. Tukagaiwa maji na biskuti, tukaomba dua, tukaondoka.

Ule mkutano ulikuwa na wazee, na karibu kila mzee pale ana binti aliyeolewa na sehemu yake imekaa. Hakuna aliyefungua mdomo. Sote tulimuonea haya mtu ambaye hayupo.

Stendi ikajengwa. Nzuri, ina paa, ina vyoo. Gari za kaskazini zote zinapakia pale.

Sasa mje kwa Riziki.

Shemeji yangu yule ana mkono mwepesi. Siwezi kusema zaidi, ni dada yangu na watoto wake watakuja kusoma siku moja. Talaka ya kwanza alimrejea, wazee wakasuluhisha, tukasema shetani amepita. Ya pili Riziki alikuja na godoro juu ya gari, watoto wanne nyuma yake, na jicho moja halijafunguka vizuri. Akateremka stendi, akaja kwa miguu mpaka kwa mama.

Mama hakulia. Alimwambia, "Karibu kwenu, mwanangu. Sehemu yako hino hapa."

Akakaa eda kwa mama. Na kabla hamjaniuliza kwa nini asikae pale moja kwa moja, nawaeleza. Nyumba ya mama ina vyumba viwili. Kimoja chake, kimoja cha mdogo wetu wa mwisho na mkewe na kichanga. Riziki na wanawe walilala ukumbini kwa mkeka. Mtoto wake mkubwa ni wa kiume, ameshaota ndevu, na wa pili ni msichana mkubwa. Dini inasema watoto wakifika umri watenganishwe malazi. Yule mvulana akahamia barazani. Mvua ikija anarudi ndani, anakaa kwenye kiti mpaka asubuhi, kwa haya tu.

Kwangu mimi ni vyumba viwili na watoto sita. Wawili wa kike wa Riziki waliwahi kulala kwangu wiki kadhaa, mke wangu hakusema neno, lakini nyumba ikawa haina pa kukanyaga. Na kupanga chumba, mwanamke mwenye kwao akapange kwa watu? Hata hivyo tulitafuta. Tangu stendi ije, vyumba vya karibu vyote bei imepanda.

Riziki hakuwa mtu wa kulalamika. Aliniambia mara moja tu, tunapalilia mihogo nyuma ya nyumba, "Kaka, mie sitaki kikubwa. N'nataka mlango n'naoweza kuufunga. Yule akija kunitaka, nimwambie hapana nikiwa ndani ya changu."

Hapo nikaelewa haraka yake. Mume angekuja, tulijua angekuja. Na mwanamke asiye na pake, hapana yake haina nguvu.

Basi tukaamua kujenga, na tukafuata kila kitu kama kinavyofuatwa.

Tulikwenda kwa mama, akatoa ruhusa. Tukaenda kwa ami, mkubwa wa ukoo, akatoa ruhusa na akapima mwenyewe kwa kamba wapi nyumba ikae isizibe kaburi la baba. Pale katikati palikuwa na mnazi mmoja. Ardhi yetu lakini mnazi si wetu, ni wa binamu yetu alioachiwa na bibi yake. Kwetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Binamu yuko Chokocho, kusini kabisa. Nikapanda gari, nikamwendea na sukari na majani ya chai, nikakaa kwa heshima, nikamuomba mnazi wake. Akaniambia chukua, kajengeeni mwenzenu, na akatuombea dua.

Nilirudi nimefurahi. Nikasema hakuna mwenye haki ambaye hatukumuuliza.

Wakuu, tuliomba ruhusa ya mnazi. Ya nyumba hatukuomba. Haikutujia akilini. Toka nizaliwe sijamuona mtu kwetu anakwenda ofisini kuomba ajenge kwa mama yake. Yale ya mkutano mimi niliyaweka upande wa matajiri, watu wa kujenga maduka na hoteli. Vyumba viwili vya mwanamke aliyeachwa sikuviita jengo.

Siku moja ya Ijumaa baada ya sala watu wakaja. Wanaume wakabeba mawe, vijana wakachimba, wanawake wakapika ubwabwa na mchuzi wa pweza. Msingi ukamwagwa. Wiki zilizofuata fundi akapandisha ukuta, na Riziki mwenyewe anachota maji na kupitisha matofali. Nilimuona anacheka na fundi, anamkumbusha dirisha la jikoni asilisahau. Nilikuwa sijasikia kicheko chake muda mrefu.

Ukuta ulipofika usawa wa dirisha wakaja watu wa mipango miji. Wakapiga X nyekundu. Wakatuachia amri ya kusimamisha.

Nikaenda ofisini. Nikamkuta yule yule kijana wa mkutano. Alinikumbuka, akanipa kiti, akaniita mzee wangu. Nikamueleza.

Akasema, "Mzee, uko ndani ya mduara kabisa. Hapo haijengwi chini ya ghorofa tatu."

Nikamwambia mwanangu, sisi nguvu zetu ni vyumba viwili. Hiyo ghorofa ya tatu nitaipandisha na nini?

Akanieleza kuna njia. Tuungane na majirani, viwanja viwe kimoja, atafutwe muwekezaji, ajenge ghorofa, sisi tupewe fleti zetu. Anaeleza kwa nia njema, naona hata yeye anaamini.

Nikamuuliza, na dada yangu akae wapi mpaka hapo?

Akaiangalia ramani yake ukutani.

Nikaona hapa haya haina kazi tena. Nikamwambia wazi, mbele ya karani wake na watu wawili waliokuwa wakisubiri. Nikasema pale mlipoandika uwanja mtupu ni sehemu ya dada yangu, kaachwa, amepigwa, na kila kiambo mlichokipaka rangi kina nafasi kama ile na kila nafasi ina mwanamke wake.

Yule kijana aliweka kalamu chini. Akasema, "Mbona hamkusema mkutanoni?"

Nikasema nilikuwepo.

Akasema, "Najua ulikuwepo, mzee. Ungesema siku ile tungeandika. Tungeweka hata sharti la nyumba za familia. Sasa imeshapitishwa na mimi sina mamlaka ya kuibadilisha."

Wakuu, nilitamani anitukane. Mtu akikutukana unapata pa kushika. Huyu alinisikitikia, na alikuwa anasema kweli.

Tulijaribu hiyo njia yake. Msidhani tulikaa. Kiwanja cha kulia kwetu kina warithi mpaka Mombasa na Muscat, wengine hatujui kama wako hai. Cha kushoto mwenyewe alitaka fleti nyingi kuliko sisi wote. Muwekezaji alikuja kweli, mtu wa Unguja, akatembea na viatu vyake mpaka kaburini kwa baba akauliza hili linaweza kuhamishwa? Mama alikuwa amekaa mlangoni. Alimjibu kwa adabu kabisa, "Baba, chai ipo, kunywa uende zako."

Mimi nilimuelewa mama. Lakini nikikesha nikimsikia yule mvulana anakohoa barazani, nilikuwa namuelewa na kumkasirikia kwa pamoja. Ndiyo ukweli wangu.

Ikaja amri nyengine, tubomoe wenyewe au wabomoe wao. Wakija wao wanatumia kijiko cha mashine na matofali yote yanakwenda. Tukabomoa wenyewe. Watu wale wale waliokuja siku ya msingi walikuja, safari hii hakuna aliyepika. Riziki alishika tofali moja moja akigongagonga simenti ili yafae kutumika tena. Nikamwambia acha, tutafanya sisi. Akaendelea mpaka yakaisha.

Haikupita muda shemeji akaleta mjumbe. Mzee mmoja wa Msuka, mstaarabu, amevaa kanzu nyeupe. Eda ilishaisha, kwa hiyo alikuja kuposa upya, na mahari mapya. Akasema kijana amejuta, na watoto wanamlilia baba yao, na nyumba kule ipo tupu.

Mimi na ami tulikuwa tumekubaliana jibu ni hapana. Lakini kwa mwanamke aliyekwishaolewa, jibu analitoa mwenyewe. Mama akaingia ndani kumuuliza. Akatoka, uso umembadilika, akasema amekubali.

Nilimfuata uwani. Nilikuwa na hasira, nilimsemea vibaya, nilimwambia unarudi ukauawe?

Akaniangalia, hana machozi. Akasema, "Kaka, mwanangu wa kiume analala nje kama mlinzi. Binti yangu anavulia nguo nyuma ya pazia. Mkeo anajibana, mke wa mdogo wetu amenuna, mama anajidai halioni. Kule n'na vyumba vitatu. Nitafanya nini mie na hapana yangu?"

Hadi leo nikiwa peke yangu natafuta jibu la swali lile, sina.

Nilimwambia jambo moja tu, ikitokea tena arudi saa yoyote. Akaniambia, "Nirudi wapi?" Hakulisema kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia.

Akaolewa. Siku ya kuondoka tulibeba godoro lile lile. Hatukuhitaji hata kukodi, stendi iko pale pale, tukatembea. Gari ya Msuka ilikuwa inangoja, viti vipo, ikaondoka kwa wakati wake. Usafiri ni mzuri kwa kweli. Sijawahi kuona gari inakwenda rahisi vile.

Na hii ni talaka mbili zimeshapita. Imebaki moja, wenye dini mnajua maana yake. Ikitoka hiyo hakuna kurejeana tena, atakuja moja kwa moja. Mama bado anafagia pale katikati kila asubuhi, na matofali tumeyapanga ukutani. Kwa sheria hatuwezi kuweka hata moja juu ya jengine.

Basi wakuu, sitaki pole, nimepewa nyingi. Naomba wenye ujuzi waniambie kama mduara ukishapitishwa kuna mlango wa kuomba sharti libadilishwe kwa viambo vya familia, na nianzie kwa nani. Wanaosema ningempeleka shemeji polisi, hilo nalo niandikieni, ila andikeni mkijua Riziki mwenyewe hataki. Na mwenye kutaka kunitukana kwa kukaa kimya mkutanoni, karibu, sitakujibu kwa ubaya.

Nilichojifunza ni kimoja, na nawaambia watu wa shehia ambako ramani haijafika. Itafika. Watakuja vijana wapole, watabandika karatasi, watauliza kama kuna mwenye neno. Wakionesha pale mahali pa kuku na majani wakasema uwanja mtupu, simameni. Mtajeni binti kwa jina lake mbele ya sheha na mbele ya watu wote, hata kama leo yuko kwa mumewe, ana raha, na akisikia atakununieni mwaka mzima.